Nani Mwenye Shamba? Uhakiki wa Kufunguliwa kwa Unix ya Zamani

Katika vikundi vya mafunzo limezuka wazo ambalo linapendwa sana na vijana wetu waliosomea kompyuta. Wanasema kwamba makampuni ya nchi za kibepari sasa yanafungua mifumo endeshi yao ya zamani, yaani yanatoa hadharani maandishi ya programu ambayo kwa miaka mingi yalifichwa kama siri ya biashara. Na kwa kuwa maandishi hayo hayalipiwi, basi tuyachukue tuyaingize katika shule, vyama vya ushirika na ofisi za kata, yawe nyenzo ya maendeleo ya jamii. Upande wa pili wako ndugu wanaolicheka wazo hilo. Kwao mfumo wa mwaka 1975 ni chuma chakavu, na mtu mwenye akili hapokei chakavu akakiita maendeleo.

Makala hii inapingana na pande zote mbili. Kundi la kwanza linapima jambo kwa bei, na kundi la pili linalipima kwa umri. Bei na umri ni vipimo vya mnunuzi sokoni. Kada anapaswa kuanza na maswali mengine: nani aliyefanya kazi, nani aliyemiliki matunda ya kazi hiyo, na imekuwaje leo huyu mmiliki anaitwa mfadhili? Ili tusizungumze hewani tumechagua mfano mmoja, nao ni mfumo wa Unix, hasa Toleo la Sita la mwaka 1975, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri na kwa sababu ndani ya historia hiyo kimo kitabu kimoja cha mwalimu ambacho kinastahili kuhakikiwa kwa makini.

Kwanza maneno machache kwa msomaji asiye mtu wa kompyuta. Mfumo endeshi ni programu inayosimamia programu nyingine zote ndani ya mtambo: inagawa zamu, inagawa kumbukumbu, inatunza mafaili, inapokea herufi unazopiga. Binadamu huiandika kwa lugha inayosomeka, kisha maandishi hayo hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mtambo pekee unazielewa. Aliyeuziwa tarakimu peke yake anaweza kuutumia mfumo, lakini hawezi kujua kwa nini unafanya unavyofanya, wala hawezi kuurekebisha. Hali yake ni ya mkulima wa mbegu chotara, ambaye kila msimu sharti arudi dukani. Kwa hiyo tunapouliza kama mfumo umefunguliwa, tunauliza kama mtumiaji ameruhusiwa kubaki na mbegu.

Shamba lililolimwa na wengi

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Waanzilishi ni Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao wachache, nao walianzia kwenye mtambo mdogo wa PDP-7 ambao tayari ulikuwa umepitwa. Mwaka 1973 sehemu kubwa ya mfumo iliandikwa upya kwa lugha ya C, na mwezi Julai 1974 Ritchie na Thompson wakauelezea hadharani katika jarida la wanasayansi wa kompyuta. Maabara hizo zilikuwa mali ya AT&T, kampuni iliyohodhi simu karibu nchi nzima ya Marekani.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa programu huria hulitaja haraka mno, nasi tunapenda tukae nalo. AT&T iligawa Unix kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote. Je, ilikuwa ni ukarimu? Hata kidogo. Mwaka 1949 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa kuhodhi soko, na shauri likamalizika mwaka 1956 kwa makubaliano yaliyopitishwa na mahakama, ambayo yaliizuia kampuni kufanya biashara nje ya mawasiliano. Ilipopata mfumo wa kompyuta mikononi haikuwa na ruhusa ya kuuingiza sokoni kama bidhaa ya kawaida. Ikautoa kwa vyuo, tena kwa masharti ya kukwepa wajibu: haitatengeneza kitakachoharibika, haitamhudumia mtu, haitatoa ahadi. Kwa lugha nyingine, ushirika mkubwa wa kuendeleza mfumo endeshi ulizaliwa kwa sababu mkono wa dola ulikuwa umemshika bepari kwenye kifundo. Wale wanaotufundisha kwamba uhuru wa programu ni matokeo ya utashi mwema wa watu binafsi wangefaa kuanza somo lao hapo.

Kwa kuwa kampuni haikutengeneza kilichoharibika, wenye vyuo walitengeneza wenyewe. Walipeana masahihisho kwa tepe za sumaku zilizotumwa kwa posta. Thompson alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1975, na wanafunzi wa pale, akiwamo Bill Joy, wakaanza kuongeza sehemu zao, wakatoa mkusanyiko wao wenyewe. Kazi ya maelfu ya saa iliingia ndani ya mfumo kutoka kwa watu ambao hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya AT&T. Tunalisisitiza hilo sasa kwa sababu baadaye litaletwa mahakamani.

Kitabu cha mwalimu Lions

Mmoja wa walimu waliopokea Unix mapema ni John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Mwaka 1976 aliandaa kwa wanafunzi wake vijitabu viwili, vilivyokamilishwa mwaka 1977. Cha kwanza ni msimbo wa kiini cha Toleo la Sita, mistari inayokaribia 9,000, imepangwa na kupewa namba. Cha pili ni maelezo, sura kwa sura, ya jinsi mistari hiyo inavyofanya kazi.

Thamani ya kitabu hiki iko katika uamuzi mmoja wa kimalezi. Lions aliona kwamba wanafunzi wa kompyuta walifundishwa kuandika programu ndogo ndogo, lakini hawakuwahi kusoma programu kubwa iliyoandikwa vizuri na mtu mwingine. Ni sawa na kumfundisha mtu insha bila kumpa kitabu hata kimoja akisome. Yeye akachagua mfumo kamili, unaotumika kweli, na ambao ni mdogo kiasi cha kuchukulika katika mkoba wa mwanafunzi. Sisi tunaofundisha tunajua uzito wa uamuzi huo. Mwanafunzi anayepewa vipande tu huondoka na hofu ya kitu kizima. Anadhani kitu kizima ni cha wataalamu wa mbali. Aliyewahi kuona kitu kizima, hata kidogo, anajua kwamba vyaelea kwa kuwa vimeundwa, na aliyeviunda ni mtu kama yeye.

Mfano mmoja utatosha. Katika kiini cha Unix kuna mahali ambapo mfumo unaacha kazi moja na kushika nyingine. Mfikirie fundi cherehani mwenye nguo kumi mezani na mashine moja. Ili aweze kuiacha suruali na kushika gauni, sharti achomeke pini mahali alipofikia, vinginevyo akirudi atashona mfuko juu ya mfuko. Katika Toleo la Sita, hatua hiyo ya kuchomeka na kuchomoa pini iliandikwa kwa namna ngumu kiasi kwamba waandishi waliweka kando yake tanbihi, wakimwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa. Tanbihi hiyo ikawa maarufu dunia nzima, na wako walioichukua kama kiburi cha mabingwa. Baadaye Ritchie alieleza kwamba walikusudia kama mwalimu anayesema jambo hili halitatoka kwenye mtihani. Kisha akaongeza ukweli ulio mchungu zaidi, kwamba wao wenyewe hawakuwa wameelewa, na kwamba mbinu yenyewe ilikuwa na kasoro ya msingi. Katika toleo lililofuata waliibadilisha.

Makada wanaojua maana ya kujikosoa watalitambua jambo hili mara moja. Kasoro iliyofichwa ndani ya tarakimu ingeitwa utaalamu. Kasoro iliyoandikwa wazi ilisomwa na wanafunzi wa Sydney, ikafuatiliwa, ikaulizwa. Lions hakuikwepa sehemu hiyo. Aliwachukua wanafunzi wake mpaka ndani.

Hata hivyo uhakiki si kusifu peke yake. Kitabu cha Lions kina udhaifu miwili inayotugusa. Kwanza, kimefungwa kwenye mtambo mmoja, PDP-11/40, hivi kwamba msomaji wa leo hulazimika kwanza kujifunza desturi za mashine ambayo hataiona isipokuwa kwenye jumba la makumbusho. Huo si wa kumlaumu mwandishi; kila kitabu cha ufundi hufungwa na zana za wakati wake. Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Kitabu kinaeleza kila pini na kila uzi, lakini hakiulizi cherehani ni ya nani. Kilitolewa kwa wenye leseni tu, na mwalimu aliamini kwamba chuo chenye leseni kitaendelea kuwa nayo kwa masharti yale yale. Aliwafundisha vijana kulijua shamba, na hakuwaambia kwamba hati ya shamba iko New York.

Haikuchukua muda. Mwaka 1979 lilitoka Toleo la Saba, na leseni yake ya vyuo haikuruhusu tena msimbo kutumika darasani. Kitabu cha kufundishia kikakosa darasa. Ndipo likatokea jambo ambalo linawafurahisha wasimulizi, yaani nakala za fotokopi zilizopita mkono kwa mkono, nakala ya nakala ya nakala, mpaka herufi zikafifia, katika vyuo na hata ndani ya makampuni. Sisi pia linatufurahisha, lakini tusilewe na simulizi. Watu waliokinakili kitabu kile kwa siri walikuwa wenye mashine za fotokopi, wenye marafiki katika vyuo vikubwa. Maarifa yaliyofungwa huwafikia kwanza walio karibu na mlango, na walio mbali hubaki wakisikia habari zake.

Kitabu kilipigwa chapa kihalali mwaka 1996, miaka karibu 20 baadaye. Lions alifariki mwaka 1998.

Mahakamani: nani alikopa kwa nani?

Tarehe 1 Januari 1984 AT&T iligawanywa, ikaachia kampuni za simu za mikoa, na pingu ya mwaka 1956 ikafunguliwa. Mara moja Unix ikawa bidhaa. Kisha mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyoshika hakimiliki iliishtaki kampuni iliyokuwa ikiuza mfumo uliotokana na kazi ya Berkeley, na baadaye Chuo Kikuu cha California chenyewe kikaunganishwa katika shauri. Madai yalikuwa kwamba wanafunzi wa Berkeley wameiba.

Tunamwomba msomaji aangalie tarakimu za mwisho wa shauri hilo. Katika mapatano ya mwaka 1994, kati ya mafaili yapatayo 18,000 yaliyobishaniwa, matatu yaliondolewa, na mengine yapatayo 70 yakaongezewa tangazo la hakimiliki. Matatu! Zaidi ya hapo, chuo nacho kilikuwa kimeishtaki kampuni kwa kuchukua kazi ya Berkeley na kuitia katika bidhaa yake bila kuwataja walioifanya. Hapa ndipo ile hoja ya mwanzo inaporudi. Wengi walilima, mmoja akawa na hati, na mwenye hati akawaita walimaji wezi hali ghala lake limejaa mavuno yao. Hatukuhitaji kulazimisha nadharia yetu juu ya mambo haya. Yamo katika kumbukumbu za mahakama ya Marekani.

Zawadi ya mwaka 2002

Sasa tumefika kwenye kufunguliwa kwenyewe. Hati ya Unix iliuzwa na kununuliwa kama kiwanja: Novell mwaka 1993, kisha mwaka 1995 biashara ya Unix ikaenda kwa Santa Cruz Operation, kisha mwaka 2001 kwa Caldera. Wakati huo huko Australia Warren Toomey na wenzake walikuwa wakikusanya tepe za zamani kabla hazijaoza, na wakiwaomba wenye hati wazifungue. Mwaka 1998 Santa Cruz ilikubali kutoa leseni ya mtu mmoja mmoja kwa dola 100. Mwezi Januari 2002 Caldera ikatoa leseni huru isiyolipiwa kwa matoleo ya Unix kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na lile lililoitwa 32V.

Tuisome leseni hiyo kama tunavyosoma mkataba wowote. Inaruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza, hata kwa biashara. Huo ni uhuru wa kweli na hatuna sababu ya kuubeza. Lakini inataja kwa jina matoleo ambayo haiyahusu, nayo ni System III na System V, yaani yale yaliyokuwa bado yanaleta fedha. Kisha inataka kila tangazo la bidhaa litakalotaja mfumo huo litamke kwamba ndani yake mna programu iliyotengenezwa au kumilikiwa na Caldera. Neno "kumilikiwa" limebeba mzigo mzito hapo! Caldera haikuandika hata mstari mmoja wa Toleo la Sita. Ilianzishwa miaka karibu 20 baada ya Toleo hilo kutoka. Aliyenunua hati jana anataka atajwe, na mwalimu wa Sydney hatajwi.

Mwaka ule ule wa 2002 Caldera ilibadili jina ikawa SCO Group, na Machi 2003 ikaishtaki IBM ikidai fidia ya dola bilioni moja, kwa madai kwamba mali yake ya Unix imeingizwa katika Linux. Mkono uliofungua lango la nyuma Januari ndio uliochukua rungu la mbele mwaka uliofuata. Na mwaka 2010 baraza la mahakama huko Utah likaamua kwamba hakimiliki za Unix hazikuwahi kuhamishwa kutoka Novell, uamuzi ulioungwa mkono na mahakama ya rufani mwaka 2011. Maana yake ni kwamba aliyetoa zawadi hakuwa na hakika ya kuwa ni yake ya kutoa. Hatujasikia kwamba mtu amekatazwa kuitumia Unix ya zamani kwa sababu hiyo, na mwaka 2017 Nokia, iliyorithi maabara za Bell, ilitangaza kwamba haitadai haki zake juu ya matoleo ya nane, tisa na kumi kwa matumizi yasiyo ya biashara. Lakini funzo la kisiasa limebaki palepale. Uhuru unaotegemea tamko la mwenye hati unadumu kadiri hati inavyodumu mkononi mwake.

Tulinganishe kidogo na MS-DOS, mfumo ambao wengi wetu wenye umri wa kutosha tuliuona katika ofisi. Microsoft ilitoa msimbo wa matoleo ya mwanzo mwaka 2014 kupitia Jumba la Historia ya Kompyuta huko California, kwa masharti ya matumizi yasiyo ya biashara. Mwaka 2018 ikautoa tena kwa leseni huru ya kweli, na Aprili 2024 ikaongeza toleo la 4.00. Jema. Lakini mwaka 2018 iliambatanisha tangazo kwamba msimbo utabaki kama ulivyo, na watu wasilete mapendekezo ya kuubadilisha. Huko ni kufungua kwa ajili ya kutazama. Watu waliohitaji mfumo wa aina hiyo hawakusubiri: mwaka 1994 mwanafunzi wa fizikia, Jim Hall, alitangaza mradi wa kuandika mfumo mbadala kutoka mwanzo, ambao ukaitwa FreeDOS, na kwa michango ya wengi ukafikia toleo la 1.0 mwaka 2006. Mfumo uliofunguliwa umekaa katika kabati la kioo, na ule ulioandikwa na watu unaendelea kutolewa matoleo mapya.

Jamii ipi, na maendeleo yapi?

Ndugu zetu wanaposema "maendeleo ya jamii" katika mjadala huu huchanganya mambo mawili: jamii kuuendeleza mfumo, na mfumo kuiendeleza jamii. La pili haliwezekani bila la kwanza. Hilo ndilo kiini cha hoja yetu, na ushahidi wake tunauona katika njia mbili zilizochukuliwa na walimu baada ya mlango wa mwaka 1979 kufungwa.

Huko Amsterdam, Andrew Tanenbaum alipokatazwa kufundisha kwa msimbo wa AT&T aliketi akaandika mfumo wake, MINIX, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu. Kijana mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliutumia, akaona mipaka yake, na mwaka 1991 akaanza Linux, ambayo mwaka uliofuata iliwekwa chini ya leseni ya GNU, yaani leseni inayomlazimu anayesambaza mfumo uliobadilishwa atoe pia msimbo wake. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android, ikiwamo ile iliyo mfukoni mwa mkulima wa pamba. Njia ya pili ni ya chuo cha MIT cha Marekani. Wao walitumia kweli Toleo la Sita na kitabu cha Lions darasani, lakini wanafunzi wakahangaika kujifunza mashine mbili kwa mpigo, ya zamani na ya sasa. Mwaka 2006 walimu wakauandika upya mfumo ule mdogo kwa mitambo ya sasa, wakauita xv6, wakautungia maelezo kwa mtindo wa Lions, wakautoa huru. Hawakukiabudu cha kale, wala hawakukitupa. Walichukua umbo lake, udogo wake na uwazi wake, wakaacha chuma.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi? Kwa sababu tuna historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuingiza hesabu za Hazina katika kompyuta kushindwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vijana husimulia marufuku hiyo kama kichekesho. Sisi hatucheki. Mtambo ulikuwapo na fedha zilitumika. Kilichokosekana ni watu wetu wa kutosha wanaoweza kuufungua mfumo, kuusoma na kusema hapa ndipo penye kosa. Nchi ilikuwa mtumiaji wa tarakimu. Hata hivyo tukiri pia upande wa pili: marufuku iliwazuia wageni kutuuzia mitambo, lakini haikumfundisha kijana hata mmoja kuandika msimbo. Ilikuwa mwaka huo huo wa 1974 ambapo makala ya Ritchie na Thompson ilitoka. Kujitegemea kwa kufunga mlango na kujitegemea kwa kujua kuunda mlango si jambo moja.

Tunao pia mfano wa kututia moyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wenzetu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa umefunguliwa na kampuni ya Sun mwaka 2000, tena ukiwa bado hai na watu wakiufanyia kazi. Hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ili neno "faili" na neno "hifadhi" liingie mahali pake. Wanaouliza mwananchi anafaidi nini kwa msimbo ulio wazi waanze na hilo: lugha yake iliingia.

Basi kwa kundi la kwanza tunasema: msipeleke Unix ya mwaka 1975 katika ofisi ya kata. Haijui mtandao wa leo, haina kinga dhidi ya wahalifu wa leo, na karani wa kata atapoteza kumbukumbu za watu. Kwa kazi hiyo iko mifumo huria iliyo hai. Kwa kundi la pili tunasema: mistari 9,000 inayosomeka ni adimu kuliko mnavyodhani. Kiini cha Linux leo kina mistari mamilioni, na hakuna mwanafunzi atakayekimaliza katika muhula. Anayetaka kuwapata watu watakaoshika mifumo mikubwa aanze na mdogo ulio kamili. Na kwa wote wawili tunauliza kwa nini hakuna maelezo ya mtindo wa Lions katika Kiswahili, wakati leseni imekuwapo tangu mwaka 2002 na xv6 tangu mwaka 2006. Hapo hatuwezi kumsingizia bepari.

Katika chuo chetu tumeanza kidogo. Mkufunzi mwenzetu wa hesabu, ambaye ndiye mjuzi, na sisi wa elimu ya siasa ambao kwa sehemu hii ni wanafunzi, tunakutana na kikundi cha watu kumi na mmoja kila Jumatano jioni. Tuna kompyuta mbili na kurasa zilizochapwa za xv6. Wiki ya kwanza ilipotea yote katika kueleza lugha ya C. Wiki ya nne tulifika kwenye ile sehemu ya fundi cherehani, mahali mfumo unapoacha kazi moja na kushika nyingine, na binti mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasimama akaichora ubaoni kwa mishale, akakosea mshale mmoja, akausahihisha mwenyewe kabla hatujasema.

Ugomvi uliopo sasa ni wa neno. Kila programu inayoendeshwa ndani ya mfumo ina jina lake la kitaalamu, na kikundi hakijakubaliana tuiiteje katika maelezo tunayoyaandika. Wako wanaotaka "mchakato", kwa kuwa kamusi inalo. Wako wanaosema mchakato ni mwendo wa jambo tu, wala hauna pa kuchomeka pini, na kwamba neno sahihi ni "kazi". Binti wa mishale anataka "zamu". Hoja za pande zote tatu ziko ubaoni na tumewaomba wafagiaji wasizifute.